Kiota cha Barazani kwa Mama Kaza

Wateja ndio waliompachika jina la Mama Kaza, naye hakulikataa. Alisuka kwa mkono wa kukaza. Ukitoka kwake nyusi zimepanda kidogo kama mtu aliyepewa habari mbaya, na usiku wa kwanza unalala kifudifudi, lakini nywele hizo hukaa kichwani mpaka uchoke nazo mwenyewe. Shule hakusoma. Alichokijua alikijua kwa vidole. Akishika kichwa alijua kama mwenyewe amejifungua karibuni, au hali vizuri, au anaoshea nywele sabuni ya kufulia.

Alisukia barazani, mbele ya vyumba vyake viwili. Palikuwa na kigoda chake, mkeka wa mteja, kioo kirefu kilichoegemezwa ukutani, na waya mmoja uliotoka kwenye boriti, umepindwa mwishoni kama ndoano, ambao alitundikia mafungu ya nywele za kusukia. Kibao hakuwa nacho. Waliomhitaji walipajua.

Na hapo hapo barazani ndipo alipoibiwa mume.

Wizi wenyewe aliusaidia kwa mdomo wake. Anayesukwa hukaa chini, katikati ya magoti ya msusi, na wote wawili hutazama upande mmoja. Mtu usiyemwona uso unamwambia chochote. Alikuwako mteja mmoja mwenye nywele nyingi, kichwa cha kutwa nzima, na kwa muda mrefu Mama Kaza alimsimulia huyo, msuko kwa msuko, sifa za mumewe: kwamba ni muuza mapazia, ananukia vizuri, anajipigia pasi mashati yake, hapandishi sauti, na asubuhi huwahi kuamka akapika chai. Mteja aliitikia tu. "Ehe. Kumbe. Una bahati, dada." Siku moja mteja hakutokea, na jioni yake mume naye hakurudi. Alirudi kesho yake kuchukua sanduku na pasi. Alisema anaondoka wiki moja, akatulize akili. Wiki hiyo ikawa miaka.

"Nilimnadi mwenyewe," alizoea kusema Mama Kaza, "kama muuza mitumba." Tangu hapo alisuka kimya. Wateja wapya walidhani ni bubu.

Mume alichukua sanduku, akachukua pasi, mama yake akamwacha. Bibi huyo alikaa chumba cha pili, macho yake yote mawili yamefunikwa na mtoto wa jicho. Aliona mwanga na kivuli, basi. Siku ile ya sanduku alikaa kitandani akasikiliza hatua za mwanawe zikipita mlangoni, asiseme neno. Hilo ndilo lililomkaa Mama Kaza rohoni kuliko hata yule mwanamke wa nywele nyingi. Miaka yote hiyo alimwogesha mama mkwe, akamchana, akampikia, na mama mkwe hakuwahi hata mara moja kufungua kinywa akasema: mwanangu amekukosea. Mama Kaza alilingoja neno hilo mpaka akaacha kulingoja, akabaki na hasira ya kuwa aliwahi kulingoja.

Waliishi kwa kuchokozana.

"Mama, umeshiba?"

"Nimeshiba, ila sijui nimekula nini."

"Wali, Mama."

"Nashukuru kuambiwa."

Siku moja ikalia simu. Mama Kaza alipoona ni nani, aliibonyeza ili sauti isikike nje, akaiweka mapajani mwa mama mkwe kama mtu anayeweka panya aliyekufa. Yule muuza mapazia alisema amehamia nyumba kubwa, ina chumba cha ziada, dirisha lake linaangalia ua. Alisema watu wanasema vibaya mitaani, kwamba mama yake analelewa na mke aliyemwacha. Alisema atakuja kumchukua.

"Mwambie aje," alisema Mama Kaza, kwa sauti ya kutosha kusikika huko kwenye simu. "Kwani nilimzaa mimi?"

Mchana huo alimsuka msichana mmoja wa jirani mpaka msichana akalia machozi.

Ilikuwa wiki hiyo hiyo ndege alipokuja.

Mama mkwe ndiye aliyemsikia kwanza. Alikuwa kwenye kiti chake cha kuegemea, uso kwenye jua la asubuhi, akainua kidole. "Tulia. Kuna kitu kinasema *chwi* hapo juu ya kichwa changu."

Mama Kaza alitazama. Kwenye waya, pale pale kwenye ndoano, kilikuwa kimening'inia kidege chenye mwili mdogo kama kidole gumba chake, rangi ya majani makavu, na mdomo mrefu mwembamba uliopinda kama sindano ya kushonea magodoro. Mdomoni kilikuwa na utando wa buibui. Kikauzungusha kwenye waya, mara moja, mara mbili, kikaruka, kikarudi na mwingine.

"Ni kandege. Kananichafulia waya."

"Kana mdomo uliopinda? Ni chozi huyo. Wako kila ua wenye maua. Mwenzake yuko wapi?"

Mwenzake alikuwa kwenye kioo. Huyo alikuwa kitu kingine: kichwa na mgongo vya kijani kinachometameta kama mkufu, kifua cha zambarau kinachogeuka cheusi akigeuka. Alikuwa amejishika kwenye fremu anapigana na ndege aliyemwona humo ndani. Anamdonoa, anarudi nyuma, anatanua kifua, anaimba kwa hasira, anamdonoa tena.

Mama Kaza alicheka, kicheko ambacho hakikuwa kimetoka siku nyingi. "Mama, njoo umwone mwanao. Mke anajenga nyumba, yeye ameshinda kwenye kioo."

Mama mkwe aligeuza uso upande wa kioo. Kisha akasema, "Amevaa vizuri?"

"Amevaa kupita kiasi."

Mama Kaza alikwenda kuchukua ufagio. Waya ule ulikuwa wa kazi, na yeye hakuwa mtu wa kuacha utando wa buibui barazani kwake. Alikwisha kuuinua ufagio aliposikia nyuma yake, "Unafanya nini?"

"Nafagia."

"Kufagia kuna sauti. Sisikii kitu. Umeuinua ufagio juu. Uteremshe."

"Mama, hili ni baraza langu la kazi."

"Na mimi ni mgeni hapa, umesema mwenyewe kwenye simu. Mgeni hanyimwi kitu anachoomba mara moja. Uteremshe."

Akauteremsha, akiguna. Jioni simu ilipolia tena, mama mkwe aliipokea mwenyewe.

"Mwanangu, siwezi kuja sasa. Kuna watu wako kwenye ujenzi hapa. Wakimaliza kujenga, wakazaa, watoto wakaruka, kiota kikabaki kitupu, ndipo uje unichukue."

"Watu gani, Mama?"

"Ndege."

"Mama, mimi nashindana na ndege?"

"Hushindani, baba. Umeshashindwa."

Basi ikawa hivyo. Kiota kikibaki kitupu, mama mkwe anaondoka. Mama Kaza alisema ni sawa, hata kesho. Lakini kwa kuwa mama mkwe haoni, na kwa kuwa asubuhi mpaka jioni anauliza, ilibidi mwenye macho atazame na asimulie. Na aliyetazama kwa ajili ya kusimulia alijikuta anatazama.

Kwa maisha yake yote Mama Kaza alikuwa ameshika nyuzi. Alidhani anajua kusuka. Sasa alikaa na kichwa cha mteja mapajani, vidole vikiwa vimesimama hewani, akitazama kidege ambacho hakikuwa na kidole hata kimoja cha kushikia. Kilianza na utando mtupu, kikauviringisha kwenye ndoano mpaka ukashika. Kikaning'iniza nyuzi kadhaa za nyasi. Juu ya nyasi kikabandika vipande vya majani makavu, magome ya mti, kipande cha karatasi ya pipi, na kila kipande kilifungwa kwa utando wa buibui, uzi usioonekana mpaka jua liupige. Kilipokuwa na fungu kubwa kama ngumi ya mtoto, kikajisukuma katikati yake, kikaanza kujizungusha humo ndani kwa kifua na kusukuma kwa miguu, na lile fungu likavimba likawa mfuko.

"Anafanya nini sasa?"

"Amejitia ndani. Anageukageuka." Mama Kaza aliinua shingo. "Mama, anajipima. Nyumba anaipima kwa mwili wake."

"Na fundo anafunga vipi?"

"Hafungi. Hakuna fundo hata moja. Mimi nina vidole kumi na bado namwambia mteja anishikie."

Mlango aliuweka ubavuni, na juu ya mlango akashona kibanda kidogo kama ukingo wa kofia, ili mvua isiingie. Chini ya mfuko aliacha takataka ndefu zikining'inia, mtu asiyejua angedhani ni uchafu ulionaswa na upepo. Mama Kaza alihamisha nywele zake za kusukia kwenye msumari wa mlangoni. Ile kona ya boriti yenye buibui hakuifagia tena. Aliponong'onezwa na jirani kwamba baraza lake linaota utando, alijibu kwamba kuna mtu anautumia.

Kioo alikifunika kwa kanga, maana dume angejiua. Wateja walilalamika.

"Sasa nitajionaje?"

"Utajiona nyumbani kwako."

Mwingine aliruka kutoka kwenye mkeka katikati ya kusukwa, nusu ya kichwa nywele zimesimama. "Mama Kaza! Yule ndege amebeba nywele yangu! Nimeiona, ni yangu, imetoka hapa chini! Si ndiyo mtu anaumwa kichwa ndege akijengea nywele zake?"

Mama mkwe alijibu kutoka kwenye kiti chake. "Kichwa utaumwa, mwanangu, usiwe na wasiwasi. Umesukwa na huyu."

Hata Mama Kaza alicheka, na mteja akacheka, na siku hiyo kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu barazani palizungumzwa.

Ndege alianza kulala humo. Ukitazama uliona mdomo tu umetokeza chini ya kile kibanda, umepinda, umetulia, na jicho moja. Siku moja ikaja mvua ya upepo, ile inayolala ubavu, na mfuko ukaanza kuyumba kwenye ndoano kama kengele. Mama Kaza alitoka mbio, akapanda juu ya kigoda, akaushika waya kwa mikono miwili. Maji yalimpiga mgongoni. Kichwa chake kilikuwa karibu kabisa na mlango wa kiota, na ndege hakuruka. Alimtazama tu. Hakuwa na hofu wala shukrani. Alikuwa na mayai chini yake na hakuwa na mahali pengine pa kwenda. Mama Kaza aliona manyoya ya shavuni mwake yakipandishwa na pumzi yake mwenyewe, na akajikuta anaibana pumzi.

"Uko wapi?" aliita mama mkwe kutoka ndani.

"Naanua nguo!"

"Asubuhi hukufua."

Makinda yalipoanguliwa hakuna aliyeyaona. Yalijulikana kwa sauti, nyembamba kama nyenje ndani ya kiberiti, na kwa jinsi mama yao alivyoacha kutulia. Alileta buibui, alileta viwavi, alileta inzi wadogo, anajishika mlangoni kwa kucha, anaingiza kichwa, anatoka, anaondoka. Kisha Mama Kaza akaona jambo lililomfanya aache kusuka kabisa. Kinda aligeuza makalio mlangoni, akatoa choo, na choo chenyewe kilitoka kimefungwa ndani ya kifuko cheupe, safi, kama kimefungwa dukani. Mama yake akakichukua kwa mdomo akaenda kukitupa mbali.

Alimsimulia mama mkwe. Mama mkwe aliweka mikono yake inayotetemeka juu ya fimbo.

"Nani alimfundisha yule kujifunga?"

"Sijui, Mama."

"Mimi mwanangu nilimfulia mpaka ngozi ikatoka."

Ilibaki kidogo, alidhani Mama Kaza, ilibaki kidogo tu lile neno litoke. Halikutoka.

Lakini kulikuwa na jambo ambalo Mama Kaza naye hakulitoa. Siku moja ya joto, alipokuwa anachana nywele za kusukia, dume lilitua kwenye waya. Alidhani limekuja kutafuta kioo. Lilikuwa na kiwavi mdomoni. Liliteremka mpaka mlangoni, likaingiza kile kichwa chake cha mkufu, likalisha, likachukua kifuko cheupe, likaenda. Baada ya muda mfupi likarudi na buibui. Siku nzima lilifanya hivyo, manyoya yamechafuka, kifua kimefifia, haliimbi. Mama Kaza alilitazama kwa midomo iliyobanwa. Alilitazama mpaka machweo. Hakumsimulia mtu.

"Dume naye huja?" aliuliza mama mkwe.

"Hupita tu."

"Hupita na chakula?"

Mama Kaza aliokota chanuo ambalo halikuwa limeanguka.

"Nasikia mbawa za aina mbili," alisema mama mkwe. "Moja nzito kidogo. Lakini wewe ndiye macho yangu, nikiambiwa hupita tu, hupita tu."

Simu ililia kila jioni. "Wameruka?" "Bado." "Wameruka?" "Wana nywele za singa kwanza, bado manyoya." Mwishowe muuza mapazia alichoka. Alisema Jumamosi anakuja na gari, wameruka au hawajaruka, na chumba kimeshapakwa rangi.

Ijumaa Mama Kaza alikusanya nguo za mama mkwe. Zilikuwa chache. Alizikunja, akazikunjua, akazikunja tena. Kisha akamketisha mama mkwe kwenye mkeka, katikati ya magoti, akamsuka. Nywele zilikuwa nyeupe, nyepesi kama utando. Hakukaza.

"Leo huna nguvu?" aliuliza mama mkwe.

"Nimechoka."

Wote wawili walitazama upande mmoja.

Jumamosi asubuhi waliamshwa na kelele. Si ile *chwi* moja moja; ilikuwa kelele ya mfululizo, kali, ya ndege wawili. Mama Kaza alitoka miguu mitupu. Kinda mmoja alikuwa kwenye kichaka cha maua mbele ya baraza, mkia hana, mdomo mfupi, ameshangaa dunia. Mwingine alikuwa amening'inia chini ya kiota kichwa chini, akipigapiga mbawa, akitulia, akipiga tena. Mguu mmoja ulikuwa juu, umeshikwa. Jike na dume walikuwa wanazunguka wakilia.

Alisogea karibu akaona. Ulikuwa unywele mmoja wa kusukia, ule wa dukani, usiooza wala kukatika. Alikuwa ameuangusha yeye kwenye sakafu yake, siku asiyoikumbuka. Ndege aliushona ukutani kama uzi mwingine wowote, na kinda alipokua ulimzunguka mguu, na aliporuka ukakaza.

"Mama! Njoo. Njoo unishikie."

"Nishike nini mimi, na mikono hii?"

"Njoo tu!"

Alimvuta mama mkwe mpaka chini ya waya, akaikusanya mikono yake miwili, akamweka kinda ndani. Mikono ile ilitetemeka mchana na usiku. Kikombe cha chai kilikuwa lazima kishikiliwe na mtu mwingine. Ilipopokea kile kitu chenye joto, kisicho na uzito, ilisimama. Ilisimama kabisa, kama maji ya ndani ya mtungi.

"Moyo wake," alisema mama mkwe kwa sauti ndogo. "Unakwenda kama cherehani."

"Usimbane."

"Simbani. Namshika kama sijamshika."

Mkasi haukufaa. Unywele ulikuwa umezama kwenye ngozi ya mguu mwembamba kama njiti, na ukiukata huku juu, kule kwenye mguu unabaki na kukaza mpaka mguu ufe. Ilibidi ufumuliwe. Na kufumua, kila msusi anajua, huanzia ncha. Anayevuta kuanzia shinani hukaza. Ncha ilikuwa ndani ya ukuta wa kiota.

Mama Kaza alichukua kichana chenye mkia mwembamba, akapanda kigoda, akaufungua ukuta ule kidogo kidogo, na hapo kwa mara ya kwanza akaona ndani. Aliona utando juu ya utando, umepishana kama kitambaa, ambao ulivutika chini ya mkia wa kichana na kurudi mahali pake. Palikuwa na pamba pori na unyoya mmoja wa kuku. Palikuwa na nywele fupi nyeusi za wateja wake, zile anazofagia kila jioni. Na pale penyewe walipolalia makinda, katikati, palikuwa na duara jeupe, jororo, limesokotwa vizuri kuliko yote. Lilikuwa la nywele za mama mkwe. Kila asubuhi alimchana akazitupa nje mlangoni, na ndege alizichagua hizo kwa kitanda.

Alikaa juu ya kigoda akitazama, na mikono yake yeye ndiyo ikaanza kutetemeka.

"Vipi huko?" aliuliza mama mkwe.

"Subiri."

"Kumetokea nini?"

"Subiri, Mama, nimepata ncha."

Aliitoa, akaifuata kitanzi kwa kitanzi mpaka mguuni. Alishuka, akapiga magoti mbele ya ile mikono iliyotulia. Kitanzi cha mwisho alikilainisha kwa mate, akaingiza ncha ya sindano chini yake, akainua. Kikaachia. Kinda akakunja vidole vyake vinne, akavikunjua.

Honi ikalia nje.

Muuza mapazia aliingia na shati lake lililopigwa pasi na ile harufu yake, akamkuta mwanamke aliyemwacha amepiga magoti mbele ya mama yake, hakuna anayegeuka. Alisimama. Alikuwa amenenepa, na nywele za pembeni zilikuwa zimeingia mvi.

"Mama, shikamoo. Niko tayari."

"Marahaba. Nyamaza kidogo." Kisha kwa Mama Kaza, "Nimwachie?"

"Mwachie."

Mama mkwe alifungua mikono. Kinda alikaa juu ya kiganja, akatazama huku na huku, kisha hakuwako. Alikuwa kwenye kichaka karibu na ndugu yake, na jike lilikuwa tayari limemfikia na kitu mdomoni, na dume likaja nyuma yake na kingine. Mikono ya mama mkwe ilibaki imefunguka hewani. Ikaanza kutetemeka tena.

"Wameruka wote?" aliuliza.

"Wameruka, Mama," alisema mwanawe. "Twende, nimeliacha gari njiani. Kiota kitupu, nakiona mwenyewe."

"Sikukuuliza wewe," alisema mama mkwe. Aliigeuza sura yake upande wa sauti ile, macho meupe yamemwelekea sawasawa. "Wewe ulisema unaondoka wiki moja. Nilikaa kitandani nikahesabu wiki, nikasikia huyu analia jikoni akiwasha jiko ili nisisikie. Nikaona aibu mpaka ulimi ukakauka. Ningesema nini kwake, na ni mimi niliyekuzaa? Sikukuuliza wewe. Namuuliza mwenye macho yangu. Mwanangu, kiota kiko kitupu?"

Mama Kaza alikuwa bado amepiga magoti. Neno lile alilolingoja lilikuwa limepita hewani, na halikuja kama alivyolifikiria. Lilikuja la upande, likiwa limebeba aibu ya mtu mwingine, na kumbe lilikuwa ndani ya nyumba muda wote. Angesema kuna yai bado. Nani angepanda kigoda kuhakikisha? Alikuwa na uongo mdogo mzima umeshafika kwenye ulimi, yeye aliyeapa kutomdanganya mtu baada ya kudanganywa vile.

Aliinua macho kwenye waya ili aangalie mahali pengine pasipo uso wa mtu. Na hapo akaona.

"Mama," alisema. "Amerudi."

"Nani?"

"Jike. Ana utando mdomoni. Niliutoboa ule ukuta nikitafuta ncha, tundu kubwa hivi. Yuko pale. Anaziba."

Ilikuwa kweli. Ndege alikuwa amejishika ubavuni mwa mfuko, akiuvuta utando juu ya tundu, akiubandika, akiugongagonga kwa mdomo, kana kwamba hakukuwa na asubuhi yoyote ya kelele, wala gari, wala watu watatu chini yake wametulia kama waliopigwa picha. Aliondoka, akarudi na mwingine. Kona ya boriti ilikuwa na utando wa kutosha.

"Na dume liko wapi?" aliuliza mama mkwe.

Mama Kaza alimtazama muuza mapazia, kisha akatazama kichakani.

"Liko na watoto. Linawalisha," alisema. "Huwalisha tangu mwanzo. Sikukwambia."

"Nilijua hukuniambia." Mama mkwe alitafuta kiti chake kwa mkono, akakipata, akakaa. "Basi hawajamaliza. Nilisema nitaondoka wakimaliza. Anayeziba ukuta ana mpango wa kulala humo."

"Mama, lakini tulikubaliana!"

"Tulikubaliana kuhusu ndege. Ndege huyo hapo, muulize. Chumba chako kizuri, kipangishe. Wewe njoo unione hapa, nitakutambua kwa marashi."

Muuza mapazia alisimama kidogo zaidi. Alitazama kiota, akatazama kioo kilichofunikwa kanga, akaonekana anataka kuuliza kwa nini, akaacha. Nje mtu alikuwa anapiga honi nyuma ya gari lake. Akatoka.

Mama Kaza aliinuka, magoti yakilia. Aliokota ule unywele wa dukani, akauviringisha kidoleni, akautia ndani ya kiberiti kitupu na kukifunga. Kisha akachukua ufagio akafagia baraza lote, pembe kwa pembe, kila uzi uliotoka kiwandani, na nywele za watu akaziacha pale pale ukingoni, mahali ndege anapozipata. Akaingia ndani, akatoka na chanuo, akasimama nyuma ya kiti.

"Lete kichwa, Mama. Mistari ya jana ilikuwa legelege."

"Nilikuambia huna nguvu."

"Leo ninazo."

"Taratibu basi," alisema mama mkwe, akiegemeza kichwa nyuma. "Na zitakazotoka, usizitupe mbali."